Mimea inayonasa wadudu: je, mawindo yanaiongezea mbegu?

Katika nyasi za nyanda za juu za Katanga, mahali udongo ni maji maji na hauna rutuba, kunaota mimea midogo ambayo majani yake yana nywele nyekundu. Kila nywele inabeba tone linalong'aa kama umande, lakini tone hilo linanata kama gundi. Inzi akitua hapo, haondoki tena. Wanasayansi wanaita mimea hiyo Drosera, na aina moja wameipa jina la Drosera katangensis, kutokana na jina la Katanga.

Kwamba mmea unamuua mdudu, kila mtu anaweza kuona kwa macho. Swali gumu ni hili: kifo hicho kinauletea mmea faida gani? Kama hauachi mbegu nyingi kuliko mmea usiokula, basi kazi ya kutengeneza mitego ni ya bure.

Mu mwaka wa 1875, Mwingereza Charles Darwin alitoa kitabu kizima juu ya mimea hii, akionyesha kwamba majani yake yanayeyusha nyama kama tumbo linavyofanya. Lakini wapinzani walijibu kwamba mimea hiyo inaishi vizuri hata ikinyimwa wadudu.

Sahani za supu

Mutoto wake Francis aliamua kupima. Mwaka wa 1877 alipanda Drosera karibu 200 ndani ya sahani za supu, akagawa kila sahani kwa kibao. Upande mmoja aliulisha vipande vidogo sana vya nyama ya kuchoma. Upande wa pili hakuupa kitu. Juu ya yote aliweka kitambaa chepesi ili wadudu wasiingie.

Matokeo yalitangazwa mwaka wa 1878. Mimea iliyolishwa ilitoa vikonyo vingi zaidi vya maua. Hesabu ya mbegu zake ilipita mara mbili ile ya mimea iliyonyimwa, na uzito wa mbegu zote ulipita mara tatu. Tofauti kubwa zaidi haikuonekana kwenye majani, ila kwenye uzazi. Sababu ni kwamba mbegu inahitaji azoti na fosfori, vitu ambavyo udongo wa namna ile hauna, lakini mwili wa mdudu unavyo.

Hatari ya kumla mgeni

Lakini faida hiyo ina bei. Maua mengi yanahitaji wadudu wa kubeba unga wake kutoka ua moja mpaka lingine. Mmea ukimla mbebaji huyo, unajikatia uzazi wenyewe.

Huko Marekani, katika jimbo la North Carolina, watafiti walichunguza mmea wa Dionaea, ambao majani yake yanajifunga kama mtego wa panya. Ripoti yao ya mwaka wa 2018 inaonyesha kwamba nyuki na mende wanaotembelea maua yake ni nadra kukutwa ndani ya mitego. Ua linasimama juu kwenye kikonyo kirefu, na mitego inabaki karibu na udongo, ikingojea buibui na chungu wanaotembea.

Udongo ukibadilika

Jambo moja linagusa wakulima. Uchunguzi uliofanywa Uswidi na kutangazwa mwaka wa 2012 ulionyesha kwamba mahali mvua inashusha azoti nyingi, Drosera inategemea wadudu kidogo zaidi. Basi faida ya mtego iko pale tu udongo ni maskini na jua ni la kutosha. Mbolea ya shambani ikishuka mpaka kwenye bonde, majani mengine yanarefuka na kuufunika mmea huu mfupi. Hapo hata inzi mia hawatausaidia kutoa mbegu.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo, mawindo yanaongeza mbegu. Ila yanafanya hivyo mradi bonde linabaki jinsi lilivyo.