Kuku anayekula mayai yake: chanzo na jinsi ya kumkomesha

Mama mmoja kutoka Matinyani, Kitui Magharibi, alimleta kwangu mwanawe wa mwaka mmoja na nusu akiwa na kikohozi. Kikohozi kilikuwa cha kawaida. Kilichonitia wasiwasi ni kwamba mtoto huyo hakuwa ameongeza uzani kwa miezi mitatu. Nilimshauri mama ampe yai moja kila siku. Alinijibu, "Daktari, kuku ninao saba, lakini mayai siyaoni. Wanayala wenyewe."

Malalamiko haya nimeyasikia pia kwa watu wa mjini wanaofuga kuku wachache nyuma ya nyumba. Wengi hudhani kuku wao ni mkorofi tu. Ukweli ni kwamba kula mayai ni dalili, kama vile homa ilivyo dalili, na ni lazima kwanza utafute chanzo.

Hasara yenyewe si ndogo. Yai moja la wastani lina gramu 6 hivi za protini, pamoja na vitamini A na B12. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unashauri kwamba watoto wa kati ya miezi 6 na 23 wapate kila siku chakula kitokanacho na wanyama, kama vile nyama, samaki au mayai. Katika nyumba nyingi yai ndilo rahisi kupatikana. Na kwa kuwa kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15 hivi kisha hutaka kuatamia, kila yai linaloliwa kiotani ni pengo katika sahani ya mtoto.

Chanzo ni nini?

Mara nyingi tabia hii huanza kwa ajali. Yai lenye ganda jembamba hupasuka, kuku huonja kiini, hupendezwa, na siku ya pili hulidonoa yai zima kwa makusudi. Wenzake humtazama na kumuiga.

Ganda la yai karibu lote ni madini ya kalsiamu. Kuku asiyepata madini hayo hutaga mayai yenye ganda dhaifu. Joto kali pia huchangia, kwani kuku anayehema kwa joto hula kidogo na ganda la yai lake huwa jembamba. Wakazi wa Ukambani wanaijua vyema hali hiyo wakati wa kiangazi.

Kiu nayo ni chanzo kinachosahauliwa. Robo tatu ya yai ni maji. Kuku aliyeachwa na chombo kikavu tangu asubuhi anaweza kutafuta maji hayo kiotani. Sababu nyingine ni njaa ya protini, msongamano, viota vichache na mwanga mwingi kiotani.

Hatua za kuchukua

Kwanza, hakikisha kuna maji safi kutwa nzima, yakiwa kivulini. Mlishe kuku chakula kilichotengenezwa kwa kuku wanaotaga, si mahindi matupu. Omena kidogo au mabaki ya maharagwe yaliyopikwa huongeza protini.

Pili, mpe kalsiamu katika chombo cha peke yake. Unaweza kununua chokaa ya mifugo, au kutumia maganda ya mayai. Maganda hayo yakaange hadi yakauke kabisa, kisha uyasage yawe unga, ili viini vya magonjwa vife na kuku asiyatambue kuwa ni yai. Usitumie chokaa ya kujengea au ya kupaka nyumba, kwani yaweza kumuunguza.

Tatu, okota mayai mara tatu: katikati ya asubuhi, adhuhuri na jioni. Kuku wengi hutaga kabla ya adhuhuri, hivyo anayengoja jioni amechelewa. Acha kiotani jiwe jeupe laini lenye umbo la yai. Kuku wa kienyeji hatahama kiota, na akilidonoa hapati kitu.

Nne, weka kiota kimoja kwa kila kuku wanne au watano, mahali penye kiza, na utandike nyasi kavu za kutosha. Fundi pia anaweza kukutengenezea kiota chenye sakafu iliyoinama kidogo, yai likitagwa libingirike hadi upande wa nyuma ambako mdomo wa kuku haufiki.

Kuna wanaotoboa yai na kulijaza pilipili. Usijisumbue. Ndege hawahisi ukali wa pilipili kama sisi.

Ikiwa tabia haikomi, chunguza ni nani mwenye kiini kilichokauka mdomoni au kifuani, umtenge. Asiyebadilika achinjwe. Nyama yake haina ubaya wowote, na mtoto pia anaihitaji.

Tahadhari

Yai lililopasuka kiotani usimpikie mtoto. Vijidudu vya salmonela huingia kwa urahisi penye ufa na kuleta kuhara na homa. Mayai mazima nayo yapikwe hadi kiini kigande, na unawe mikono kwa sabuni baada ya kuyaokota.

Kuku wengi wakianza ghafula kutaga mayai laini yasiyo na ganda, hasa wakikohoa au kuzubaa, huenda ni ugonjwa kama vile kideri. Mwite daktari wa mifugo. Usiwape dawa za binadamu. Na kuku wakitibiwa, uliza ni siku ngapi zipite kabla ya mayai yao kuliwa.

Yule mama wa Matinyani aligundua kwamba chombo cha maji kilikuwa kikikauka kabla ya saa nne asubuhi, na kiota kilikuwa juani. Alivirekebisha vyote viwili bila kununua chochote. Aliporudi kliniki baada ya wiki sita, mizani ilikuwa imeanza kupanda.