Babu alivushwa kisiwani? Mtafute hivi

Msomaji, pengine kwenu Othaya, Mukurwe-ini au Karatina kuna jina ambalo nyanya hulitaja kwa sauti ya chini: mzee aliyechukuliwa wakati wa Hali ya Hatari, akavushwa maji, na habari zake zikakatika. Wengi wanaoamua kumtafuta hukimbilia faili za mahakama. Mara nyingi hiyo ni nauli ya bure. Mzee hakushtakiwa hata siku moja!

Chukua mfano wa marehemu Gakaara wa Wanjau, mwandishi kutoka Tumutumu. Alikamatwa Oktoba 1952 kwa sababu ya maandishi yake ya Kikuyu. Hapakuwa na kesi. Kwa amri ya serikali tu alizuiliwa Kajiado, kisha kisiwani Manda, mkabala na Lamu, mbali kabisa na baridi ya mlimani. Aliandika shajara kwa siri. Ilichapishwa 1983 na kumpa Tuzo ya Noma 1984. Jamaa zake wanaweza kumfuata kambi hadi kambi. Je, aliyekuwa hana kalamu?

Anza na nyanya, kabla ya karatasi yoyote. Jina la baba yake, kijiji, mwaka, na hili hasa: alisimama kizimbani? Kama ndiyo, tafuta faili ya kesi. Dedan Kimathi alihukumiwa mjini Nyeri Novemba 1956, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Maneno ya kesi yake yalichapishwa kitabuni 2017, ilhali jamaa zake wamelitafuta kaburi kwa miongo mingi. Faili haikupi kila kitu.

Kama hapakuwa na kesi, unatafuta amri ya kuzuiliwa. Baadhi zilitolewa na gavana mwenyewe. Maelfu mengine na maofisa waliopewa mamlaka hayo. Nenda Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, katika jengo la zamani la benki, Moi Avenue, Nairobi. Jaribu jina kwa tahajia tatu nne, maana karani mgeni aliandika alivyosikia.

Karatasi nyingine zilisafirishwa Uingereza uhuru ulipokaribia, na nyingine zikachomwa. Faili takriban 1,500 za Kenya zilifichwa Hanslope Park hadi 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau dhidi ya serikali ya Uingereza ilipokuwa ikiendelea. Miaka miwili baadaye ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Faili hizo sasa ziko Kew, London, katika fungu la FCO 141.

Usiishie kisiwani, lakini. Waliolegezewa walirudishwa hatua kwa hatua hadi kambi za kazi za wilaya zao. Moja ilikuwa Mweru, hapa Nyeri, ambapo leo ni shule ya sekondari. Huenda babu alifika karibu na nyumbani kuliko mlivyodhani.