Mhandisi Mhitimu Anahitaji Kuona Mwisho wa Kazi Yake

Kijana anayemaliza shahada ya uhandisi ujenzi amejifunza kukokotoa boriti, kupima mtiririko wa maji mferejini na kupanga tabaka za barabara. Akifika saiti anapewa kuhesabu malori ya kifusi, kusimamia umwagaji wa zege na kujaza ripoti ya siku. Wengi wanaonijia na malalamiko katika kipindi hiki hawasemi kwamba kazi ni ngumu. Wanasema hawajui inakwenda wapi. Fomu imetiwa saini, imepelekwa kwa mhandisi mshauri, haijarudi.

Naamini kiini cha jambo kipo hapo. Mhandisi mchanga huridhika pale anapoiona kazi yake ikifika mwisho na kujua kama mwisho huo ulikuwa mzuri au mbaya, na ndipo pia anapokomaa.

Mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani Frederick Herzberg na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Waliwaomba wasimulie nyakati walizoipenda sana kazi yao na nyakati walizoichukia. Simulizi za furaha zilihusu kazi yenyewe: kukamilisha jambo gumu, kutambuliwa, kukabidhiwa dhamana. Simulizi za uchungu zilihusu yanayoizunguka kazi: taratibu za kampuni, usimamizi, mshahara. Watafiti waliofuata waliikosoa njia hiyo, wakisema binadamu akieleza mafanikio hujitaja mwenyewe, akieleza matatizo huwataja wengine. Ukosoaji huo ni wa haki. Lakini jambo moja nimeliona mara nyingi mno kulitilia shaka: kumwondolea kijana kero hakumkuzi. Anaweza kulipwa kwa wakati, akalala mahali pazuri, na miaka mitatu ikapita akiwa palepale.

Chukua michemraba ya zege, ile ya upande wa milimita 150. Hujazwa siku ya kumwaga zege, hutunzwa majini, kisha hukandamizwa kwa mashine hadi ipasuke, siku ya 7 na siku ya 28. Mchemraba ukitakiwa kuwa na nguvu ya nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba, lazima ubebe takribani kilonyutoni 563, yaani uzito wa tani 57 hivi. Mhandisi mhitimu huambiwa aijaze, aiandike namba na aipeleke maabara. Wengi huishia hapo. Anayetaka kukua hurudi maabara siku ya 28, akasimama karibu na mashine, akaandika matokeo, kisha akafungua ripoti yake ya siku ile ya kumwaga. Slampu, yaani kipimo cha ulaini wa zege bichi, ilikuwa milimita ngapi? Mvua ilikuwa imelowesha mchanga? Nani aliongeza maji jua lilipokuwa kali? Duff Abrams alikwisha kuonyesha huko Chicago mwaka 1918 kwamba kadiri maji yanavyozidi yakilinganishwa na saruji ndivyo nguvu ya zege inavyoshuka, na kila mwanafunzi huikariri kanuni hiyo. Kuikuta ndani ya namba zako mwenyewe ni jambo jingine kabisa. Baada ya muda kijana huanza kulitazama zege likitoka kwenye mashine na kukisia matokeo yake, na siku anapopatia, huhitaji kumuuliza kama anaipenda kazi.

Kazi za mezani nazo zina uzito usioonekana. Tarehe 17 Julai 1981, njia za juu za waenda kwa miguu ndani ya hoteli ya Hyatt Regency, Kansas City, zilianguka, watu 114 wakafa. Muundo wa awali ulikuwa na fito za chuma zinazoshuka kutoka darini, zikapita kwenye njia ya juu na kufika ya chini bila kukatika. Baadaye, michoro ya utengenezaji ilipoandaliwa, kila ufito ukagawanywa kuwa fito mbili, na njia ya chini ikaning'inizwa kwenye boriti za njia ya juu. Kwa hiyo viungo vya njia ya juu vikabebeshwa mzigo mara mbili. Hata muundo wa awali haukutimiza kanuni za ujenzi za jiji. Badiliko lile likamaliza akiba kidogo iliyokuwapo. Michoro iliidhinishwa bila mtu kukikokotoa upya kiungo kile. Kijana anayepewa rundo la michoro aikague anafanya kazi ileile iliyokosekana Kansas City. Namshauri achague kiungo kimoja katika kila mchoro, akikokotoe tangu mwanzo, hata kama hakuagizwa.

Cha kuomba kwa mkubwa wako, basi, ni kitu kimoja kizima, hata kiwe kidogo. Kalavati moja la barabara ya kijiji linatosha. Pima eneo linalokusanya maji, waulize wazee wa pale maji yalifika wapi katika masika kubwa wanayoikumbuka, kokotoa ukubwa wa bomba, simamia msingi. Halafu rudi baada ya mvua uone kama maji yamechimba udongo mdomoni. Safari hiyo ya mwisho ndiyo huachwa, kwa kuwa mkataba umekwisha na gari limehamia kwingine. Nenda hata kwa nauli yako.

Katika kazi hiyo mwalimu wako wa karibu huenda akawa fundi asiye na cheti. Mwamkie shikamoo, kisha muulize: "Mzee, hapa wewe ungefanyaje?" Atakujibu: "Injinia, mchoro unasema hivi, lakini nondo zimebanana, zege halitashuka." Kijana aliyeambiwa hivyo hatachora tena nondo bila kufikiria mahali zege litakapopita.

Tanzania ina utaratibu rasmi wa kumlea mhitimu. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ilianzisha mwaka 2003 mpango wa mafunzo kwa vitendo wa miaka mitatu, SEAP, ambamo mhitimu huandika kumbukumbu za kazi zake na kusimamiwa na mhandisi aliyesajiliwa. Utaratibu ni mzuri. Ujazaji ndio unaoniumiza. "Nilisimamia umwagaji wa zege," wiki baada ya wiki. Andika uamuzi. Andika kwamba ulikataa lori la mchanga kwa sababu mchanga huo ulikuwa na udongo mwingi, ulipimaje, na nani alikupinga.

Hayo hayampunguzii mwajiri wajibu wake. Mshahara wa miezi mingi usiolipwa haufidiwi na kalavati lolote, na kijana anayeondoka kwa sababu hiyo hana kosa. Ningemshauri aondoke pia kama mwaka mzima umepita bila mtu yeyote kumsahihisha hesabu zake.

Kusahihisha hakugharimu fedha. Msimamizi mwenye vijana wanne anaweza kuitenga asubuhi moja ya wiki, akapitia hesabu zao kalamu mkononi, kila mmoja akaeleza alichoamua na kwa nini. Na matokeo ya siku ya 28 yakifika ofisini, nakala moja aipate yule aliyejaza michemraba.