Mgonjwa, Daktari na Sekunde 18

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi, kilio humfichua. Methali hiyo humlaumu mgonjwa. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaalamu umeonyesha kwamba pengine mgonjwa hakuficha lolote, bali hakupewa nafasi ya kusema.

Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Howard Beckman na Richard Frankel, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mazungumzo 74 baina ya madaktari na wagonjwa. Wagonjwa 17 tu, yaani asilimia 23, ndio waliopata kumaliza maelezo yao ya mwanzo. Waliokatizwa na daktari walikatizwa, kwa wastani, baada ya sekunde 18. Hatari yake ni dhahiri, kwani shida inayotajwa kwanza si lazima iwe ndiyo nzito. Mtu aweza kuanza na kikohozi, na habari ya kwamba ameacha kumeza dawa za shinikizo la damu akaiweka mwisho kwa kuona haya.

Kasoro hiyo haitokani na ukatili, bali na mtazamo. Na mtazamo waweza kupimwa. Edward Krupat na wenzake, nao wa Marekani, walitunga hojaji yenye kauli 18. Hojaji hiyo hupima mambo mawili: kwanza, ni kwa kadiri gani daktari ashirikiane na mgonjwa katika habari na maamuzi, pili, ni kwa kadiri gani hisia na maisha ya mgonjwa yahesabiwe kuwa sehemu ya tiba. Ubora wake ni kwamba daktari na mgonjwa huweza kujibu kauli zilezile, kisha majibu yao yakalinganishwa.

Yafaa ieleweke kwamba wagonjwa wote hawana rai moja. Wapo watakao kushauriwa, na wapo waonao kuwa daktari ndiye ajuaye, na kumhoji ni utovu wa adabu. Kwa hiyo tiba imzingatiayo mgonjwa, dhana aliyoiandikia Enid Balint wa London mwaka 1969, haimlazimishi kila mtu kujiamulia. Hutaka kila mmoja aulizwe apendavyo.

Madaktari wengi huhofia foleni. Je, mgonjwa akiachwa aseme, atanyamaza lini? Jibu lilitoka Basel, Uswisi, mwaka 2002. Wolf Langewitz na wenzake walipima muda wa wagonjwa 335 ambao madaktari wao walifundishwa kusikiliza bila kukatiza. Wastani ulikuwa sekunde 92, na asilimia 78 walimaliza katika dakika 2.

Tofauti ya 92 na 18 ni sekunde 74. Ingawa hospitali hizo hazifanani, makisio yaweza kufanywa: daktari mwenye wagonjwa 40 angehitaji sekunde 2,960 zaidi, yaani dakika 49 hivi kwa siku. Muda huo si mdogo mahali penye madaktari wachache. Lakini sharti upimwe pamoja na gharama ya vipimo visivyohitajika, dawa isiyo yake, na mgonjwa anayerudi wiki ijayo akiwa na hali mbaya zaidi.

Mgonjwa naye ana wajibu wake: azipange shida zake kabla ya kuingia, na azitaje zote mwanzoni. Naye daktari, kabla hajashika kalamu kuandika dawa, aulize: “Kuna jingine?” Kisha angoje jibu.