Je, Wajua? Mchumi Aliyeitwa Kibaki

Je, wajua kwamba Mwai Kibaki nusura awe mwanajeshi? Alipomaliza shule ya Mang'u alitamani magwanda, lakini mkoloni alikuwa amepiga marufuku kuwaandika Wakikuyu, Waembu na Wameru jeshini. Basi akaenda zake Chuo cha Makerere!

Na Makerere alifanya maajabu. Mwaka 1955 alitoka na digrii ya daraja la kwanza, akapata ufadhili wa kwenda London School of Economics, kisha mwaka 1958 akarudi Makerere kama mhadhiri wa uchumi. Desemba 1960 akaiweka chaki chini, akaja kuwa ofisa mtendaji wa chama cha KANU.

Wewe wa Naivasha, sogea hapa. Mtambo wa kwanza wa mvuke pale Olkaria ulipoanza kutoa umeme mwaka 1981, megawati 15, unajua Waziri wa Fedha alikuwa nani? Kibaki huyo huyo! Na kampuni ya GDC, inayochimba mvuke Menengai? Iliundwa 2008, yeye akiwa Rais.

Unafuga Molo au Njoro? Mwaka 2003, wa kwanza wake Ikulu, serikali iliichukua tena kampuni ya maziwa ya KCC kutoka mikononi mwa watu binafsi. Ndiyo hiyo New KCC unayoipelekea maziwa.

Sasa shika benchi. Januari 2003 alifuta karo ya shule za msingi, na watoto zaidi ya milioni 1 wakafurika madarasani. Watoto tu? Thubutu! Mwaka uliofuata, huko Eldoret, Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza akiwa na miaka 84, tena amevaa soksi na kaptula ya shule, akaingia kwenye rekodi za Guinness. Habari za elimu hiyo ya bure zilifika mbali: mwaka 2004 Bill Clinton aliulizwa kwenye televisheni ni nani aliye hai angependa kukutana naye. Akajibu: Rais wa Kenya!

Uchumi nao? Mwaka 2002 ulikua kwa chini ya asilimia 1. Mwaka 2007, asilimia 7!

Je, wajua kiti chake cha kwanza cha ubunge, mwaka 1963, kiliitwa Doonholm na baadaye Bahati? Watu wa Nakuru msishangilie, ni Bahati ya Nairobi. Mwaka 1969 Jael Mbogo nusura amng'oe hapo, na 1974 akahamia Othaya. Alikaa bungeni miaka 50, bila kushindwa ubunge hata mara moja!