Soko Dogo Si Soko Bovu

Kijana wa Mpanda anapowaambia wazazi wake kwamba anataka kuishi kwa kutunga michezo ya kompyuta, swali la kwanza analoulizwa ni hili: Je, utawaweza Wamarekani na Wajapani? Swali hilo huulizwa kwa nia njema, lakini kwa maoni yetu linakosa shabaha. Linachukulia kwamba mchezo usionunuliwa na mamilioni ya watu ni hasara tupu. La hasha.

Sisi wa Katavi tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili. Mrina asali wa Inyonga haulizwi kama asali yake itafika katika kila nyumba ya dunia. Yeye huhesabu mizinga aliyoitundika, siku alizotembea msituni, na bei ya lita moja. Mapato yakizidi gharama, watoto wanasoma na bati linapanda juu ya nyumba. Hesabu ya mtunzi wa mchezo mdogo ni hiyohiyo.

Wakubwa nao tusiwaonee wivu kupita kiasi. Nyaraka zilizofikishwa mahakamani Marekani mwaka 2023 zilionyesha kwamba mchezo mmoja wa kampuni ya Sony, The Last of Us Part II, uligharimu takriban Dola milioni 220. Mwenye kutumia fedha nyingi kiasi hicho hana budi kuuza mamilioni ya nakala, ama sivyo ameangamia. Agosti 2024 Sony hiyohiyo ilitoa mchezo uitwao Concord; wachezaji hawakujitokeza, na baada ya wiki mbili tu mchezo ukaondolewa sokoni na wanunuzi wakarudishiwa fedha zao. Mwezi Oktoba studio iliyoutunga ikafungwa.

Sasa tumtazame Bwana Jeff Vogel wa Seattle, Marekani. Tangu mwaka 1994 anaendesha kampuni ndogo ya kifamilia iitwayo Spiderweb Software. Hutunga michezo yenye hadithi ndefu na michoro ya kawaida kabisa, kwa ajili ya watu wachache wanaopenda hadithi kuliko mapambo. Michoro ya mchezo mmoja huitumia tena katika mwingine. Mchezo wake wa kwanza, uliotoka mwaka 1995, aliuunda upya kwa jina la Avernum, na mwaka 2011 akauunda upya kwa mara nyingine. Wapenzi wake wakanunua tena. Hakuwa tajiri wa kutajwa magazetini, lakini kazi hiyo imemlisha kwa zaidi ya miaka 30, huku kampuni nyingi kubwa kuliko yake zikizaliwa na kufa.

Na tufanye hesabu ya mfano. Vijana wawili wanafanya kazi mwaka mzima. Chakula, pango, umeme na intaneti vinagharimu Shilingi 12,000,000. Mchezo wanauuza kwa Shilingi 15,000. Duka la mtandaoni kama Steam huchukua asilimia 30, hivyo wanabakiwa na Shilingi 10,500 kwa kila nakala, kabla ya kodi. Wakipata wanunuzi 1,150 tu duniani kote, gharama zao zimerudi, na kila anayeongezeka ni faida. Aidha, mchezo hauozi ghalani kama mahindi. Utaendelea kuuzwa mwaka unaofuata na ule wa baada yake.

Hatusemi kwamba njia hii ni rahisi. Duka hilo moja hupokea zaidi ya michezo mipya 10,000 kwa mwaka, na mingi hupita bila kuonekana. Kwa hiyo kijana asiuze shamba la baba yake ili kuanza. Aanze na mchezo mfupi, awajue wanunuzi wake, awasikilize, na asishushe bei kwa hofu. Mwenye kiu ya kitu asichokipata kwingine hulipa bei halali. Muhimu kuliko yote, asiwaige wakubwa, kwani mwigaji hushindana nao katika uwanja wao.

Na vya kutungia tunavyo. Nani mwingine duniani anayo mandhari ya mto Katuma wakati wa kiangazi, viboko kwa mamia wakisongamana katika madimbwi yanayokauka? Nani anayo masimulizi ya Wabende juu ya Katabi, ambaye mbuga yetu imepewa jina lake? Bao nalo, lenye mashimo 32 na kete 64, lina mabingwa ambao hawatosheki na michezo ya kubahatisha. Hao si wengi, lakini ni waaminifu.

Kwa sababu hiyo tunazikumbusha halmashauri zetu kwamba asilimia 4 ya mapato yao ya ndani imetengwa kwa mikopo ya vikundi vya vijana. Kikundi chenye kompyuta mbili na hesabu safi kistahili kusikilizwa sawa na kikundi cha pikipiki au cha kuku. Wanaopitia maombi wasiulize mchezo utauzwa mara ngapi, bali waulize utagharimu kiasi gani na nani ataununua. Wazazi nao waulize hivyohivyo. Kijana atakayeyajibu maswali hayo mawili kwa tarakimu apewe nafasi. Atakayeshindwa arudi akajifunze kwanza. Haba na haba hujaza kibaba, mradi kibaba chenyewe kisiwe kikubwa kupita mavuno.