Ua Bila Jani Halina Jina

Mara kwa mara huletwa mezani petu picha ya ua la porini, na mwenye kuileta huuliza swali moja tu: ua hili laitwaje? Aghalabu ameliona maweni au pembezoni mwa msitu, na halifanani na maua aliyoyazoea. Twaupenda udadisi huo. Hata hivyo, mara nyingi hatuna budi kumrudisha msomaji wetu bila jibu, kwani picha yenyewe haisemi kitu. Ni ua peke yake, limesogezwa karibu mno, bila jani wala shina, na mpigaji hakumbuki tena lilichanua mwezi gani.

Tutoe mfano ulio miguuni petu. Mlakasa utambaao ufukoni hutoa ua la zambarau lenye umbo la tarumbeta. Kiazi kitamu nacho, kinapochanua, hutoa ua la namna hiyohiyo, kwa kuwa mimea hiyo miwili ni ndugu wa jenasi moja, Ipomoea. Ukikata picha hadi libaki ua tu, hata mjuzi atasita. Onyesha jani, na mtoto wa shule atajibu: jani la mlakasa ni nene, na ncha yake imepasuka mithili ya ukwato wa mbuzi.

Mfano wa pili si wa mchezo. Uko mmea upandao vichakani ambao wataalamu huuita Gloriosa superba. Ua lake lina petali sita zenye mawimbi, zimepinda kuelekea juu kama ndimi za moto. Linapofunguka huwa na rangi ya kijani na manjano, kisha siku zikipita hugeuka jekundu. Hivyo picha mbili za ua lilelile zaweza kudhaniwa kuwa za mimea miwili. Alama ya kuaminika zaidi ni ncha ya jani, ambayo hurefuka na kujisokota ili kushika matawi ya jirani. Mmea huu wote ni sumu, hasa kiazi chake kilichomo ardhini. Sumu hiyo, kolchisini, hutumika hospitalini kwa kipimo kidogo sana kutibu jongo. Lakini katika nchi za Asia wako waliokufa kwa kula kiazi hicho wakidhani ni kiazi cha chakula. Hapo kujua jina si anasa ya wasomi.

Siku hizi zipo programu za simu zinazotaja jina la ua papo hapo. Hatuzikatai, ila zinakisia kwa kulinganisha na picha zilizolishwa, na mimea ya Ulaya na Marekani imepigwa picha mara nyingi kuliko ya kwetu. Jibu lake lichukuliwe kuwa fununu tu.

Si kwamba mimea ya visiwa haijaandikwa. Mwaka 1949 R. O. Williams alitoa hapa kitabu chake juu ya mimea yenye manufaa na ya mapambo ya Unguja na Pemba. Kazi kubwa ya kuorodhesha mimea ya Afrika Mashariki, visiwa vyetu vikiwemo, ilianza kuchapwa mwaka 1952 ikakamilika mwaka 2012, ikiwa na aina zaidi ya 12,000. Lakini vitabu hivyo ni vya Kiingereza, na vingi vimo katika maktaba ambazo bwana shamba wa Micheweni au Makunduchi hazifikii. Wakati huohuo vichaka vya maweni vinakatwa kwa kuni, na pwani inafyekwa kwa majengo.

Kwa hiyo twaziomba idara za kilimo na misitu ziweke, katika kila wilaya, ofisa mmoja wa kupokea picha hizi, kuziandikia tarehe na mahali, na kuzipeleka kwa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Gharama yake ni daftari na moyo wa kazi.

Nawe msomaji, usiling'oe ua. Piga picha tatu: ya mmea mzima mahali ulipoota, ya jani juu na chini, na ya ua kwa ubavu likiwa na sarafu kando yake. Andika kijiji na tarehe, na umuulize mzee wa hapo wao huliitaje.